Mwaka wa Kuuacha Moshi wa Mama

Mama yangu alikuwa akivuta sigara moto ukiwa ndani ya mdomo. Naanza hapo makusudi, kwa sababu watu wakisikia mama wa mtu alivuta, haraka wanamwona mwanamke wa baa, mguu juu ya mguu. Hapana. Mama yangu alikuwa mke wa askari jela huko Luzira, mwanamke wa kaskazini, mwimbaji wa kwaya, na alivuta kama mama yake na bibi yake walivyovuta kwao. Anaivuta mara moja au mbili ishike vizuri, anaigeuza, upande wenye moto unaingia ndani, midomo inafunga, na mikono miwili inarudi kukoroga kwete, ile pombe yake ya mahindi. Majivu hayadondoki kwenye pombe. Afande akipita kukagua mistari ya nyumba haoni kitu. Anaona mwanamke aliyenyamaza, na kamoshi kembamba kanamtoka puani.

Wa kuwasha nilikuwa mimi. Mama hakutaka kuacha mwiko, kwa hiyo aliinua kidevu tu, nami najua. Nachukua sigara kwenye kopo lililokuwa la chumvi, napiga magoti mbele ya sigiri, jiko letu la udongo, napuliza makaa, nashikiza ncha. Sigara haiwaki hivihivi, lazima mtu aivute. Basi nilivuta, meno ya mbele hata hayajaota tena, na hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa kazi ya nyumbani kama kuosha sahani.

"Usimeze moshi," ananiambia.

"Simezi."

Nilikuwa nameza.

Tuliishi kwenye vile vijumba ambavyo watu wa kambi Uganda nzima huviita mama ingia pole, kwa sababu mlango ni mfupi na usipoinama unaacha ngozi ya paji la uso kwenye bati. Baba alikuwa mrefu. Aliacha ngozi nyingi pale. Asubuhi ilikuwa tarumbeta, halafu harufu ya mukene, wale dagaa wa ziwani, wakianza kupata jua, halafu redio za majirani kila moja na lugha yake. Ukitoka nje ya mlango ilikuwa Kiswahili. Kile chetu cha kambini, "kitu yangu", "mtoto ile", kisichomuuliza mtu ngeli. Shuleni watoto wa mjini walituambia hiyo ni lugha ya wezi na wanajeshi. Tuliwatukana kwa lugha hiyohiyo, na ilifaa sana kwa kazi hiyo. Baadaye nilifundishwa Kiswahili sanifu sekondari, ndicho ninachojaribu kuandika hapa, lakini nikikasirika kile cha Luzira kinarudi chenyewe.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kinubi, mjane wa askari. Tulimwita habuba, yaani bibi, ingawa wakati ule hakuwa mzee. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na shimo dogo la moshi. Mwanamke akikaribia kuolewa, au akiwa ametoka uzazi na mume ameanza kuuliza chakula kiko wapi kwa sauti nyingine, anakuja kwa habuba. Habuba anatia makaa humo shimoni, anaweka vipande vya mti wa kunukia, anatandika juu yake mkeka wenye tundu. Mwanamke anakaa, anafunikwa blanketi mpaka shingoni, anatoa jasho. Anatoka hapo anang'aa kama sufuria mpya, ananukia mpaka wiki iishe. Sisi watoto tulichungulia kwenye uzio wa mabati, tukafukuzwa, tukarudi.

Mama hakukaa kwenye shimo lile. Alisema Wanubi wana mambo, anacheka. Lakini jioni walikaa pamoja, mama na sigara yake ya kinyumenyume, habuba na ubani wake kwenye kigae, wakichokozana.

"Wewe mwanamke, siku moja utaumeza huo moto."

"Nikiumeza nitapikia chai tumboni."

"Na bwana akija kukubusu?"

"Ataungua. Si vizuri?"

Walicheka mpaka afande wa zamu akakohoa huko barabarani, na wakicheka hivyo mimi nilikuwa najua hakuna kitakachoharibika duniani.

Mama alianza kutoka damu nikiwa kidato cha pili. Sijui ilianza lini hasa, kwa sababu hakusema. Niliona tu vitambaa vikianikwa nyuma ya nyumba, vimefichwa chini ya shuka, mahali ambapo hata jua halifiki vizuri, na vilikuwa haviishi. Mwezi unaisha, vitambaa vipo. Nikauliza.

"Mambo ya wanawake," akasema.

Mimi nilikuwa nini, kuku?

Mwishoni kulikuwa na harufu. Nitaisema, kwa sababu imefichwa vya kutosha. Alizidisha sigara ili kuifunika, nikawa nawasha moja baada ya nyingine, makaa hayapoi, na mle ndani mwa mama ingia pole tulikuwa tunapumua moshi badala ya hewa. Walipompeleka hospitali ya Mulago, ugonjwa ulikuwa umeshapanda kwenye figo. Daktari aliutaja jina lake wazi: kansa ya shingo ya kizazi. Alisema kwa Kiingereza, baba akatutafsiria: "Ni tumbo." Kwenye mazishi ikawa tumbo. Padri naye akahubiri tumbo. Shangazi yangu, dada wa baba, akanibana kwenye ukuta wa jikoni na kidole chake kifuani kwangu.

"Ukiulizwa sema tumbo. Hiyo nyingine ni ya malaya."

Nina hasira na neno lile mpaka leo naandika. Mama yangu alilala na mwanaume mmoja maisha yake yote, na huyo mmoja hakuna aliyemuuliza yeye alilala wapi.

Nguo za mama walizigawana mashangazi. Picha ipo moja, na ndani yake anaonekana kama mtu anayesubiri kupigwa. Nilichobaki nacho kilikuwa moshi. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya ulinzi kwenye jengo la maduka katikati ya mji, sare, buti, kirungu, na kile kidude cha kupitisha juu ya mikoba ya watu. Wakati wa mapumziko nilikwenda nyuma ya jenereta kuwasha moja. Kugeuza moto ndani nilijaribu mara moja, nikaungua ulimi, nikaongea kama mlevi siku nzima. Basi nilivuta kama watu wote. Lakini ile pumzi ya kwanza, kabla hujasikia ukali, ilikuwa ni mama anainua kidevu. Wenzangu walidhani navuta kwa sababu ya mawazo. Mimi nilikuwa namtembelea mama yangu.

Nikaolewa na dereva wa lori, anapeleka saruji na unga Juba. Tukapanga chumba mtaa wa Nateete, upande wa juu wa soko. Tukapata binti. Alipofika miaka tisa alishikwa na kikohozi kisichoisha, nikampeleka kliniki ya jirani, na nesi wa pale, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akamaliza na mtoto halafu akanigeukia mimi na lile nyabo la mjini, yaani bibie.

"Na wewe, nyabo? Umewahi kupimwa shingo ya kizazi?"

Alisema hivyo tu. Mchana, mlango wazi, na mtu mwenye mtoto mgongoni amekaa palepale kwenye benchi. Nilikuwa sijawahi kusikia maneno yale yakitoka mdomoni mwa mtu kama anauliza bei ya nyanya. Miguu yangu ilitaka kuondoka. Kilichonibakiza hapo siwezi kukiita busara, ilikuwa hasira. Nilitaka ayaseme tena.

"Inauma?"

"Unajipima mwenyewe. Kijiti hiki, kina pamba ndefu. Unaingia chooni, unakizungusha ndani, unaniletea. Hata mimi sikuoni."

Nikajipima. Baada ya muda wakapiga simu kwamba kirusi cha HPV kipo, nije niangaliwe. Nikalala kwenye kitanda chao, nikitazama dari, nikihesabu mende. Nesi akanipaka siki.

"Siki ya kachumbari?"

"Hiyohiyo. Mahali palipoharibika panageuka peupe."

"Na kwangu?"

"Hapajageuka. Vaa."

Akanipima na ukimwi pia, hakuna. Halafu akakaa kwenye kiti chake, akavua miwani.

"Sikiliza. Hiki kirusi karibu kila mtu aliyewahi kulala na mtu anakipata. Wengi mwili unakifukuza wenyewe, hata hawajui kilipita. Kwa wengine kinakaa. Kikikaa miaka, kinaanza kuharibu, ndiyo inakuja kansa. Wewe unacho, lakini hakijaharibu."

"Basi nipe dawa."

"Dawa ya kukiua haipo."

"Sasa mmenipimia nini, mnitishe?"

"Ili kikianza kuharibu tukione, tupachome mapema, upone. Mwakani urudi tena. Hapo katikati uusaidie mwili." Akanusa. "Unavuta?"

"Kidogo."

"Kidogo gani? Nimekusikia toka mlangoni. Moshi unaulegeza mwili, kirusi kinajisikia nyumbani. Acha. Na ulale, mmekuwa watu wa zamu za usiku, mnakunywa soda mnasema mmekula. Kula mboga. Tumieni kondomu. Na huko ndani usioshe na sabuni, wala majani, wala chochote. Kunajiosha."

Nilitoka pale na jambo moja kichwani. Binti yangu alikuwa anarukaruka mbele yangu akivuka mitaro, kikohozi kimeisha, na alikuwa katika umri uleule niliokuwa nikiwasha sigara za mama. Nikifuata njia ya mama, huyu ndiye atakayeviona vitambaa chini ya shuka. Atauliza, ataambiwa mambo ya wanawake. Halafu atabanwa kwenye ukuta aambiwe aseme tumbo.

Mume wangu aliporudi kutoka Juba nilimwambia kabla hajavua viatu.

"Umekitoa wapi?" akauliza.

"Hapo sokoni. Walikuwa wanauza kwa fungu."

"Nakuuliza vizuri."

"Na mimi nakujibu vizuri. Nesi anasema kinaweza kulala mwilini miaka na miaka, hakuna anayejua ni cha nani. Kinaweza kuwa cha kabla yako. Kinaweza kuwa cha Juba. Nikuulize Juba?"

Akainama kufungua viatu. Madereva wa lori wanajua kunyamaza, wana barabara ndefu ya kujifunzia.

Kondomu ndiyo ilikuwa vita. "Mimi ni mume, si mteja," akasema. Nikamwambia mume akalale kwenye lori lake. Akaenda kweli, akalala huko na saruji. Safari iliyofuata alirudi na pakiti, akaiweka mezani kama mtu anayelipa faini kwa trafiki. Hatukuongea. Nikampakulia chakula. Kwetu hayo ni mazungumzo.

Kazini nikaomba zamu ya mchana. Msimamizi wangu akanicheka, akasema usiku kuna utulivu, mchana kuna wateja wakorofi. Nikamwambia mimi ndiye mkorofi, atanipa au hanipi? Akanipa, ili niondoke mbele yake. Nikaacha kikomando, ile chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage tunayokula wasiokuwa na muda, kwa sababu nilikuwa naila kila siku ya Mungu na soda. Nikaanza kununua dodo, ule mchicha wetu, na nakati kwa mama mmoja pale chini, mboga chungu ambayo binti yangu aliitazama kama adhabu. Jioni nilitembea, kutoka stendi sikupanda pikipiki, nikapandisha kwa miguu mpaka upande wa Lubaga na kurudi, na buti zangu za kazi, watu wakidhani namfukuza mwizi. Hayo yote yaliwezekana.

Sigara ndiyo iliniua. Wanakuambia utatetemeka, utakuwa mkali, utakula sana. Nilitetemeka, nikawa mkali, na waliokuwa wananijua walisema hawaoni tofauti. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba nikiacha sigara mama atakufa tena. Nilikuwa nakaa jikoni napuliza makaa na mkono wangu wa kulia unanyooka wenyewe kutafuta kopo la chumvi ambalo halipo, lilitupwa Luzira zamani sana. Nikawa siwezi kuikumbuka sauti yake vizuri. Kicheko nilikuwa nacho, maneno yakawa yanapotea. Nilivuta mara mbili kwa kujificha kwenye choo cha kazini, nikatapika, nikakasirika, nikaendelea kuacha.

Hapo ndipo nikafanya upuuzi.

Nilianza kufikiria shimo la habuba. Nilikumbuka wanawake wale wakitoka wanang'aa. Nikafikiri hivi, na nilijiona nina akili: samaki akikaushwa kwa moshi haozi. Sangara anakaa sokoni wiki nzima kwa sababu ya moshi. Kwa hiyo kama kuna kitu kinataka kuniozesha huko ndani, moshi wa mti mzuri utakikausha. Nesi alisema nisioshe. Hakusema nisifukize. Nikachukua siku yangu ya mapumziko, nikaenda Luzira.

Habuba sasa ni mzee kweli. Anakaa nje kidogo ya kambi kwa mwanawe, na nyuma ya nyumba ameshachimba shimo lingine. Aliponiona aliniita kwa jina la mama kwanza, halafu akajirekebisha.

"Unataka moshi? Wewe uliyekuwa unachungulia?"

"Mimi huyo."

"Bwana anarudi safari?"

"Anarudi."

Akapiga kigelegele kidogo cha kuniaibisha, majirani wakasikia.

Nikakaa juu ya mkeka, blanketi likanifunga shingoni, na moshi ukapanda. Ule mti nilikuwa nimesahau harufu yake. Ulinijia na kila kitu pamoja: ubani kwenye kigae, kwete inachemka, mukene, afande anakohoa, mabati yakilia jua likizama, na mama akiinua kidevu. Sauti yake ikarudi, nzima, hata kile kikwazo chake cha "r" na "l". Nililia ndani ya blanketi jasho likinisaidia kuficha. Nikarudi tena wiki iliyofuata, na ile iliyofuata. Nilijiambia natibu kirusi. Sidhani niliamini. Nilikuwa nimepata mlango mwingine wa kwenda kwa mama.

Baadaye kukaanza kuwasha, kukachubuka, kukatoka uchafu. Nikarudi kwa nesi kabla ya wakati wake, nikamweleza. Alinitazama mpaka nikaangalia chini.

"Nyabo, huko chini ni sigiri?"

"Hapana."

"Yaani nimekuambia uache moshi wa juu, ukaenda kuanzisha wa chini?"

Akacheka mpaka akashika meza, nami nikacheka kwa aibu. Halafu akaacha kucheka ghafla, akanisema kama mtoto. Ngozi iliyochubuka inakisaidia kirusi, moshi haukiui, na samaki, akasema, samaki anakaushwa akiwa ameshakufa. Akanipa dawa ya michubuko.

Nilikwenda Luzira kumwambia habuba ukweli, kwamba sikuja kwa ajili ya bwana, na nina kitu gani. Nilikitaja jina lake, hapohapo kwenye baraza. Nilitegemea atanionea huruma. Alisimama na fimbo yake.

"Nani alikuambia ile ni dawa? Ile ni ya harusi! Ya kunukia! Ya mwanamke kupendeza! Mimi ni daktari?"

"Pole, habuba."

"Pole nini! Mnanidanganya! Mama yako alinidanganya hivyohivyo!"

Akakaa chini. Nikadhani umri umemchanganya, kwa sababu mama hakuwahi kukaa kwenye moshi.

"Alikaa," akasema. "Mwaka ule wa mwisho. Alikuja mchana nyinyi mkiwa shule. Akaniambia anataka kumpendeza baba yako, nikafurahi, nikasema mwanamke huyu ameamka. Nikamkalisha. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nikasikia makaa yanalia, tss. Nikainua blanketi. Damu ilikuwa inadondoka kwenye makaa."

Nikakaa chini palepale kwenye baraza.

"Nikamwambia twende hospitali. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa. Nikaenda kumtazama kila siku akifa na kiapo changu mdomoni."

Nataka niseme kwamba nilimsamehe hapohapo. Sikumsamehe. Nilisimama, nikatukana kwa Kiswahili cha kambi, maneno ambayo mtu hasemi mbele ya bibi, nikayatukana makaa, nikamtukana shangazi, baba, padri na tumbo lake, na habuba akakaa akinisikiliza, akitikisa kichwa kama anayesema endelea. Nilipochoka akaniambia nikae. Akaniletea chai ya tangawizi. Halafu akaanza kuniambia habari za mama ambazo sikuzijua: kwamba alipoletwa kambini alikuwa hajui Kiswahili hata kidogo, habuba akamfundisha matusi kwanza akimwambia ndiyo salamu, na mama akamwamkia mke wa afande mkubwa kwa maneno yale, kwa adabu zote, amepiga na goti. Kwamba alikuwa anaogopa ziwa. Kwamba ile sigara ya kugeuza, alitaka kuiacha alipokuwa na mimba yangu, habuba akamtunzia kopo, akadumu bila kuvuta mpaka nilipozaliwa.

Kwa hiyo aliwahi kuiacha. Kwa ajili yangu, na hakuna aliyemwagiza. Nilirudi Nateete na habari hiyo kama mtu aliyebeba mayai.

Baada ya hapo sikuhitaji tena kujificha chooni. Sisemi hamu iliisha, bado mtu akipita na sigara shingo yangu inageuka. Lakini nikimtaka mama nakwenda Luzira, nakaa na habuba, namwambia nisimulie tena ile ya mke wa afande, na anaisimulia, kila mara na tusi jipya. Shimo hakulifukia. Mabibi harusi wapo. Ila sasa kila mwanamke akija anamuuliza kwa sauti mtaa mzima usikie: "Harusi au ugonjwa? Kama ni ugonjwa, toka, nenda kapimwe!"

Mwaka ulipotimia nikajipima tena kwa kijiti kingine cha pamba. Siku ya majibu nilivaa sare ya kazi, buti zimepigwa rangi, kama nakwenda kwenye gwaride. Nesi akaangalia, akaangalia tena.

"Hakipo."

"Hakipo wapi?"

"Hakipo, nyabo. Mwili umekifukuza."

"Ni ile nakati?"

"Siwezi kukuambia ni nini. Kuacha sigara kumesaidia, kulala kumesaidia, na bahati ipo. Wengine wanafanya yote na kinabaki, ndiyo maana tunapima. Na wewe utarudi kupima, usifikiri umepata cheti."

Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi kesho yake. Siku ile nilikaa kwenye benchi lao nikiwa na hasira mpaka masikio yanawaka, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Kijiti chenye pamba. Siki. Mtu mmoja wa kusema neno lenyewe mchana. Mama alikuwa anahitaji hivyo tu, miaka kabla ya vitambaa.

Jioni ile nilikaa na binti yangu tukichambua maharage, nikamwambia. Nilimwambia bibi yake alikufa na nini, mahali pale panaitwaje na pako wapi, kirusi kinaitwaje, na kwamba mimi nilikuwa nacho na sasa sina. Nikamwambia na sindano watakayokuja kuwapiga wasichana shuleni ni ya hicho, na wale akina mama wa sokoni wanaosema inaua uzazi ni waongo. Aliuliza maswali ya kitoto na maswali ya mtu mzima, yamechanganyika kama maharage na mawe. Halafu akauliza kama tunakula na wali.

Wiki ile mwalimu wake wa darasa la nne akaniita shule. Nikaenda na sare yangu. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, amejifunga kitambaa kizuri, akanitoa nje, akasimama nami mlangoni pa darasa, watoto ndani wakikariri jedwali la kuzidisha.

"Mama, mtoto wako. Jana walipokuja watu wa chanjo, wasichana walikuwa wanajificha chooni. Yeye akasimama juu ya dawati akawaambia wote, na wavulana wakisikia, mambo ya... ya shingo ya..."

"Ya kizazi."

"Ndiyo. Na kwamba bibi yake alikufa nayo."

"Alikosea wapi?"

"Hajakosea." Akaangalia ndani, akaangalia uwanjani. "Walitoka chooni, wakapanga mstari. Nilitaka tu ujue amesema mbele ya watu."

"Sasa najua."

Nikadhani tumemaliza. Nikageuka. Akanishika kiwiko, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu.

"Na wewe, samahani, ulipimia wapi?"

Nikamwambia. Nilimtajia kliniki, nikamwelekeza njia, nikamwambia kuhusu kijiti na kuhusu siki, kwa sauti yangu ya kawaida ya getini, na huko ndani watoto wakaacha jedwali wakawa wanasikiliza.